Nilisema subiri, yeye akabonyeza

Mimi si mtu wa kuandika maoni kuhusu maduka, lakini hili limenikaa kooni wiki kadhaa sasa. Duka lenyewe silitaji. Liko Dodoma mjini, unatembea kidogo tu kutoka Jamatini, na mlangoni pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba wanarejesha data "kwenye kitu chochote". Kitu chochote!

Nilipeleka diski ya Amiga 500, kompyuta ambayo baba mdogo alirudi nayo kutoka Uingereza miaka ya tisini. Ndani ya diski ile yumo babu anapiga ilimba. Sekunde ishirini na kitu tu, maana diski nzima haifiki hata megabaiti moja, lakini hatuna sauti nyingine ya mikono yake. Lebo imeandikwa kwa peni: BABU, USIFUTE.

Diski ilikuwa imeanza kugoma. Unaitumbukiza, drive inakoroma krrr, krrr, halafu unaambiwa haisomeki. Commodore walioitengeneza walifilisika 1994, kwa hiyo hakuna wa kumpigia simu. Nikaona bora fundi.

Kijana alinipokea vizuri, shikamoo mzee, marahaba, karibu kiti. Nikatoa elfu thelathini, wanataka kwanza. Nikaanza kumweleza kwamba hii si ya Windows. Hakuniacha nimalize. Akainama kwenye kompyuta kuukuu iliyo chini ya meza, akasukuma diski ndani, na ule ujumbe ukatokea: diski haijafomatiwa, unataka kuifomati?

Sasa nisikilizeni. Ujumbe ule unatokea kwa diski YOYOTE ya Amiga, hata iwe nzima kama imetoka dukani jana. Kwenye kila mzingo wa diski, PC inatafuta vipande 9, Amiga imepanga 11, tena kwa namna yake. Ni kama mtu asome Kigogo akidhani ni Kiswahili kilichokosewa, halafu achukue kifutio. Nikasema, "Subiri, kijana." Naapa nilisema subiri. Kidole kilikuwa kimeshabonyeza.

Tik. Tik. Tik. Kila tik, mzingo mmoja umekwenda. Nilirukia meza, nikamwaga bakuli la skrubu, nikabonyeza kitufe cha drive mwenyewe, diski ikachomoka. Kijana ananitazama. "Mzee, mbona presha? Si ilikuwa haina kitu?"

Haina kitu. Usiku sikulala kwa maneno hayo mawili.

Akarudisha elfu ishirini. Kumi akabaki nayo, eti ya ukaguzi. Kweli, kwenye kona ya diski kuna kile kidirisha, ukikisogeza kikawa wazi hakuna anayeweza kuiandika, na mimi sikukisogeza. Hilo ni kosa langu. Nusu. Nikiwa mlangoni akaniita: "Mzee, kichwa cha drive yako kichafu, ona vumbi hili, pitisha spiriti." Nilichomjibu hakifai kuandikwa hapa.

Nyumbani Nkuhungu nikampigia baba mdogo. Nilidhani atalia, akacheka. Orodha ya mafaili ya Amiga, akasema, iko katikati ya diski, na kufomati kunaanzia ukingoni. "Mwizi kaingilia uani, hela ziko chumba cha kati." Akanikataza kugusa DiskDoctor, programu iliyokuja na mashine yenyewe, kwa sababu inaandika juu ya mgonjwa huyohuyo, na ikishindwa kupata orodha inaibatiza diski jina la Lazarus. Lazaro wa Bethania! Nitumie DiskSalv, akasema. Hiyo inachukua kinachosomeka na kukiweka kwenye diski nyingine, iliyojeruhiwa haiguswi.

Nikaunganisha drive ya pili, nikaiwasha DiskSalv. Krrr. Krrr. Hakuna. Nikajaribu mpaka umeme ukakatika, ukarudi, nikajaribu tena, kila mara namlaani yule kijana kwa jina nisilolijua. Mke wangu akauliza, "Hiyo spiriti aliyosema umeshapaka?"

Sikuwa nimepaka. Nani apokee ushauri wa mtu yule?

Nikanunua spiriti duka la dawa, nikafungua mashine, nikapitisha pamba taratibu kwenye kichwa cha juu na cha chini. Ilitoka na rangi ya barabara yetu ya kiangazi. Nikarudisha diski. Kimya, drive inanong'ona tu, na majina yakaanza kushuka kwenye skrini moja moja. La sita lilikuwa la babu.

Ilimba imerudi. Karibu na mwisho kuna mkwaruzo, nusu sekunde hivi, na nimeusikiliza mara nyingi kuliko muziki wenyewe. Asubuhi naamini ni kidole cha yule kijana. Jioni naona huenda ni vumbi langu la miaka yote hii.

Nilianza kuandika nikitaka kuwaambia msikanyage pale. Diski za zamani, hapana, msikanyage. Simu, labda: mke wangu kapeleka yake bila kuniambia, na imepona. Elfu kumi yangu ya ukaguzi bado naidai. Ingawa, kusema kweli, kukagua alikagua.