Siku nne Kilimanjaro na kidato cha sita: mwongozaji mzuri, chai ya kuchelewa

Septemba tuliwapandisha wanafunzi 14 wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) hadi vibanda vya Horombo kwa njia ya Marangu. Kampuni ni ya hapa hapa Moshi. Jina nalihifadhi, maana tulishayamaliza. Wakati wa kupanga niliwaambia jambo moja tu: hatuendi kileleni. Nataka volkano na barafu, watoto waone yale wanayoyakariri daftarini.

Kwenye volkano sina neno. Siku ya kwanza tulipofika Mandara, mita 2,720, kila mtu alitaka kuvua viatu. Mwongozaji akakataa. Robo saa baadaye tulikuwa ukingoni mwa kasoko ya Maundi, kilima cha volkano kilichochipuka ubavuni mwa mlima. Hakuwahutubia, aliwauliza: "Mbona hapa kuna shimo na si kilele?" Wakabishana mpaka chai ikapoa. (Chai ya saa 10 inakuja na bisi, hiyo peke yake ni nyota moja.)

Siku ya tatu tukapanda kutoka Horombo mpaka kwenye miamba ya pundamilia, ile yenye mistari iliyochorwa na maji ya madini yanayochuruzika ukutani. Mawenzi ilikuwa wazi: volkano iliyozimika siku nyingi, imemomonyoka mpaka imebaki meno matupu. Binti mmoja akasema ni taya la mamba. Ameliandika kwenye ripoti yake na sikulikata.

Barafu ndiyo ilituponyoka. Tulikubaliana kuondoka saa 12 asubuhi, kwa sababu mawingu hayangoji mtu. Chai ikaja saa 2 na nusu, eti mtungi wa gesi ulikuwa nyuma na wapagazi. Tulipofika pa kuitazamia Kibo, kilele chenye barafu, imeshajifunika gubigubi. Watoto wangu wamesafiri siku tatu, wakachora wingu. Niliudhika, sitaficha.

Aliyetuokoa ni yule yule mwongozaji. Kesho yake, siku ya kushuka, alipita akigonga milango kukiwa bado kiza. Tukasimama nje ya vibanda, pumzi zinatoka kama moshi, Kibo ikajitokeza. Nikawaonyesha ule mwamba mweusi unaoonekana kati ya kipande cha barafu na kipande, nikawaambia zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo 1912 haipo tena. Hakuna aliyeuliza kama litakuja kwenye mtihani. Kalamu za wino ziligoma kwa baridi, kwa hiyo bebeni penseli.

Mengineyo: mifuko ya kulalia ilikuwa safi, makoti mawili zipu mbovu. Walimu wawili hatukulipishwa huduma ya kampuni, viingilio vya hifadhi tukalipa wenyewe. Na wakagueni mifuko kabla ya kushuka. Kijana mmoja alikuwa na mawe matano, anampelekea bibi yake. Mwongozaji alimrudisha kuyaweka alipoyaokota, bila kumfokea.

Nyota tatu na nusu. Mwakani nawaita tena, ila saa ya chai itaandikwa kwenye mkataba, na mtungi wa gesi utatangulia na mpishi.