Klabu ya Waswisi tunayokwenda, Dar

Mume wangu ni Mswisi, mimi wa Tanga, na ada ya klabu tunalipa kwa moyo mkunjufu. Njooni sherehe ya tarehe 1 Agosti, sikukuu ya taifa la Uswisi, muone: soseji za cervelat zinachanjwa ncha zote mbili, na zikiiva kwenye makaa zinachanua kama ua. Watoto wanazunguka na taa za karatasi mpaka usiku.

Ila mimi klabu naithamini zaidi kwa uwakilishi. Vyama vya namna hii duniani vina mwamvuli wake, Shirika la Waswisi wa Ughaibuni, lililoanzishwa 1916, lenye baraza la wajumbe 140. Tangu 1992 Waswisi walio nje wanaruhusiwa kupigia kura mambo ya shirikisho la Uswisi kwa posta, lakini bahasha ikichelewa, kura imekwenda na maji! Kero hiyo haiishii kwenye meza yetu ya kahawa. Baraza limeipigania hadi Bern, makao ya serikali ya Uswisi.

Vyakula vizuri, maegesho finyu.

Kinachoniuma ni matangazo kuja kwa Kijerumani na Kifaransa tu. Jamani, pilau tunapika sisi wenza Watanzania. Tuandikieni na Kiswahili.