Biblia ya kusikiliza kwenye simu: maoni yangu baada ya miezi saba ya kuomboleza

Nimekaa na hii programu ya Biblia ya kusikiliza miezi saba sasa nikaona niandike, maana ukisoma maoni ya wengi unakuta "nzuri sana mbarikiwe" na nyota tano basi, haikusaidii kujua kama itakufaa ukiwa umeumia. Mimi iliingia kwenye simu yangu wiki aliyofariki mama. Aliugua figo karibu miaka miwili na mimi ndo nilikuwa namuuguza, sasa baada ya kumzika nikawa siwezi kusoma kabisa, yani nafungua Biblia macho yanapita juu ya mstari hayashiki kitu, nikipiga magoti maneno hayatoki. Rafiki yangu alikuja akachukua simu akaiweka hii programu, akanifungulia kitabu cha Ayubu, akanipa spika za masikio, akakaa pembeni yangu kimya.

Kwahiyo kitu cha kwanza nilichosikia vizuri ni wale rafiki zake Ayubu watatu wamekaa naye chini siku saba mchana na usiku bila mtu kusema neno, maana wameona maumivu yake ni makubwa mno. Halafu sura ya 3 Ayubu anafungua kinywa na anailaani siku aliyozaliwa. Msomaji wa hii programu, namsifu kwa hili, hakuharakisha wala hakuigiza, anasoma taratibu kama mtu aliyechoka kweli. Nililia pale kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Ila lazima niseme ukweli, kuanzia hapo mpaka Mungu anapojibu sura ya 38 ni safari. Wale rafiki, Elifazi anaongea, Bildadi anaongea, Sofari, baadaye na mwingine, Elihu, na ukiwa unasikiliza huwezi kuruka kwa macho kama kwenye kitabu, inabidi uwasikie wote. Nilikuwa nakereka sana mpaka nikagundua nakereka kwa nini, yale maneno nilishaambiwa mimi, kwamba labda kuna mahali tulikosea, kwamba kazi ya Mungu haina makosa nyamaza sasa. Sasa fikiria nilivyofika sura ya 42 nikasikia Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake hawakusema yaliyo sawa kumhusu kama alivyosema Ayubu. Ayubu yule yule aliyelalamika sura kwa sura! Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena mara tatu. Nilikuwa nadhani kulalamika mbele za Mungu ni kukosa imani, kumbe waliokemewa ni wale waliokuwa wanamtetea.

Kasoro sasa. Ya kwanza ni ule mstari wa siku unaotumwa kwenye simu kila asubuhi. Kesho yake baada ya kumzika mama, simu inalia, nafungua, Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Hasira niliyoipata siwezi kueleza, niliona kama natupiwa tu neno tamu. Baadaye sana ndo nikaisikiliza sura yote na nikaelewa ile ni barua, Yeremia anawaandikia watu waliochukuliwa mateka na Nebukadneza kupelekwa Babeli, anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa huko huko, kwa sababu ni miaka 70. Mstari wa 10 unasema miaka 70 ndo unakuja wa 11! Maana yake wengi waliosomewa ile barua wakiwa watu wazima wasingerudi kwao, na bado Mungu anawaambia lipo tumaini. Hiyo naweza kuishikilia. Lakini ukiukata mstari peke yake na kumtumia mtu aliyetoka makaburini unamuumiza. Nimezima huo ujumbe na nakushauri uzime.

Ya pili ni muziki. Kwenye Maombolezo, kile kitabu cha kuulilia mji wa Yerusalemu ulioanguka, wameweka kinanda laini chini ya sauti, sijui nani alifikiri mji uliochomwa moto unahitaji kinanda. Unaweza kuuzima ila sehemu ya kuuzimia imefichwa, nilitafuta wiki nzima.

Ya tatu nilitaka kuiita kasoro ila sina uhakika tena. Kuna kipima muda, unapanga dakika 30 halafu sauti inajizima ulale. Haiangalii sura imefika wapi, inakata tu. Usiku mmoja nilikuwa kwenye Maombolezo sura ya 3, yule mtu anasema Mungu amemzungushia ukuta, amemfanya kama shabaha ya mshale, anafika mstari wa 18 anasema nguvu zake zimepotea na tumaini lake kwa Bwana pia, na pap, kimya. Nikabaki gizani na hilo neno. Na unajua nini, niliwahi kulisema mimi, hilo hilo, wodini, saa kumi usiku mama akiwa anahema vibaya, na nikaogopa kwamba nimemkufuru Mungu. Sasa nalisikia limeandikwa kwenye Biblia yenyewe. Nikalala. Asubuhi nikabonyeza kuendelea na hata mistari mitano haijaisha wala haijabadilika kitu, mji bado umeanguka, anasema anakumbuka jambo na ndo maana ana matumaini, rehema za Bwana ni mpya kila siku asubuhi. Ningeusikia ule mstari peke yake nisingeuamini, niliuamini kwa sababu nilishalala kwenye ule wa juu yake.

Injili kasoma msomaji mwingine, sauti ya mwanamke, na nampenda zaidi. Yohana 11 Yesu analia akielekea kaburini kwa Lazaro na hali anajua anakwenda kumfufua, sijawahi kulitafakari hilo kabla. Na Yohana 20, hapo ndo sitasahau. Mama mikono yake ilikuwa imejaa alama za sindano, mgongo wa mkono wa kushoto ulibaki na doa la bluu mpaka siku tunamvalisha, na mimi nilikuwa nalichukia lile doa. Sasa nasikia Yesu ameshafufuka, ameshashinda mauti, na anamwambia Tomaso lete kidole chako, tazama mikono yangu. Alama bado zipo. Amefufuka nazo! Nilikuwa nafua nguo nikakaa chini na maji yanatiririka mikononi, nikawaza ile mikono ya mama kwa mara ya kwanza bila kuichukia.

Mambo mengine kwa haraka, inafanya kazi bila intaneti ukishapakua, kwa hiyo pakua vitabu vyote mapema, haili chaji sana, na spidi ya sauti usiiongeze hasa kwenye Zaburi. Zaburi ya 88 inaishia kwenye giza na hii programu inaacha sekunde kadhaa za kimya kabla ya 89, waliofanya hivyo Mungu awabariki.

Nyota nne. Nimemuwekea na dada yangu, yuko Ayubu sura ya 3 bado, huwa nakaa naye jioni na sijamuuliza lolote.