Huduma ya kuandaliwa kwa usaili wa shahada ya uzamivu mjini Dodoma: lipia mazoezi, andiko andika mwenyewe

Mkazi wa Dodoma akisikia neno usaili, picha inayomjia ni ya vijana wenye bahasha za kaki wakielekea Chuo Kikuu cha Dodoma kufanya mtihani wa mchujo wa ajira za serikali. Usaili wa nafasi ya uzamivu yenye ufadhili hauna umati wa namna hiyo. Ni mtu mmoja mbele ya kompyuta, wasaili watatu upande wa pili, na nusu saa ambayo hupita upesi kuliko mtu anavyodhani. Niliposikia kwamba iko ofisi hapa mjini inayowaandaa waombaji kwa malipo, nilikwenda. Jina lake silitaji, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema hayataipendeza.

Nilikuwa naomba nafasi katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, kwenye mradi wa maji ya chini ya ardhi, na hoja yangu ilihusu bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji, ambako ndiko viliko visima vinavyotegemewa na Dodoma kwa maji. Ofisi ile huuza huduma mbili. Ya kwanza ni kuandaa nyaraka, yaani wasifu, barua ya maombi, andiko la utafiti na barua pepe za kutafuta msimamizi, kwa shilingi 250,000. Ya pili ni mazoezi ya usaili, shilingi 40,000 kwa kila kipindi, pamoja na kukodishiwa chumba siku ya usaili wenyewe. Nililipia zote mbili.

Huduma ya kwanza sikuridhika nayo hata kidogo. Barua pepe waliyoniandikia ilitumwa kwa maprofesa zaidi ya ishirini ikiwa ni ile ile, na iliyobadilishwa ilikuwa salamu tu. Katika mbili kati ya hizo hata salamu ilisahauliwa, profesa mmoja akaitwa kwa jina la mwenzake. Waliojibu walikuwa wawili, na mmoja wao aliuliza kwa upole iwapo nilikuwa nimesoma chochote kuhusu kazi yake. Aidha, ofisi haikutofautisha nchi na nchi. Huko Norway na Sweden nafasi ya uzamivu kwa kawaida hutangazwa kama kazi, mwanafunzi ni mwajiriwa anayelipwa mshahara, na barua yake huandikwa kama ya mwombaji kazi. Uingereza mambo ni mengine: ufadhili unaotokana na mabaraza ya utafiti ya serikali hulipa posho na ada ya kiwango cha mwanafunzi wa ndani, na anayetoka nje hana budi kuuliza mapema kama chuo kitaifuta tofauti ya ada au atatakiwa kuitafuta mwenyewe. Swali hilo nililiuliza pale ofisini, nikajibiwa kwamba ufadhili ni ufadhili.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa ndani ya andiko. Waliliandika kwa lugha ya kupendeza, yenye maneno mazito, na katika ukurasa wa pili wakaeleza kwamba mvua za kila msimu hujaza upya maji ya chini ya ardhi ya Makutupora. Nililisoma mara mbili nisilione kosa hilo, jambo ambalo ninaona haya kulikiri, kwa sababu rekodi za vina vya maji katika visima vile, zinazorudi nyuma zaidi ya miaka 50, zinaonyesha kinyume chake. Miaka mingi ya mvua za kawaida huacha kina kikishuka, na ujazo mkubwa hutokea katika misimu michache ya mvua nyingi kupita kiasi, kama ule wa El Niño wa 1997/98. Anayedai kulitafiti bonde hilo bila kulijua jambo hilo ni sawa na fundi saa asiyejua kusoma saa.

Aliyeligundua ni mwalimu mmoja mstaafu anayeendesha mazoezi ya usaili, na hapo ndipo huduma ya pili inapostahili sifa. Alinikaribisha, akalisoma andiko kimya, kisha akauliza, "Mwanangu, hili umeliandika wewe?" Sikuwa na la kujibu. Akaliweka pembeni, akaniambia nimweleze utafiti wangu wa shahada ya uzamili kwa dakika mbili, bila karatasi. Nilipoanza kukariri utangulizi alinikatiza. Aliuliza kilichoniharibikia uwandani na nilivyokirekebisha. Aliuliza nitafanya nini takwimu zikikataa dhana yangu, na kwa nini chuo kile na si kingine. Mwisho akataka niwaulize wasaili maswali mawili, akakataa lile la posho, akisema hilo lina wakati wake.

Baada ya vipindi vitatu nililiandika upya andiko lote. Kwa bahati siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa bado, nami nikamwandikia barua yangu mwenyewe yule profesa aliyekuwa amenijibu kwa upole. Katika usaili, swali la kwanza lilikuwa la utafiti wa uzamili na la pili la ujazo wa maji Makutupora. Sikuhitaji kukumbuka sentensi ya mtu mwingine.

Siku hiyo hata hivyo nusura iharibike. Barua ya mwaliko ilisema saa 14:00 za Uingereza, mwezi Februari, wakati saa zetu zinapotangulia za kwao kwa tatu; maana yake ni saa kumi na moja jioni. Karani aliiona 14, akaandika saa nane mchana, na chumba kuanzia saa tisa akampa mtu mwingine. Tulisuluhishana kwa mimi kukalishwa chumba cha mwalimu, chenye kiti kibovu lakini chenye intaneti ya waya na betri ya akiba, na umeme ulipokatika dakika ya kumi hakuna msaili aliyetambua.

Nafasi niliipata, pamoja na msamaha wa tofauti ya ada. Mazoezi ya usaili ninayapendekeza kwa mwombaji yeyote aliyekwisha kuitwa, na vipindi viwili vinatosha kwa mwenye andiko lake mwenyewe. Huduma ya nyaraka siipendekezi kwa bei yoyote. Mwalimu hupatikana Jumanne na Alhamisi mchana. Chumba kiwekwe nafasi kwa maandishi, saa ikiandikwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na ombeni cha upande wa nyuma, kwa sababu cha mbele kinatazamana na kijiwe cha bodaboda.