Gati kwa Gati: Huduma ya Kuvuka Mokowe hadi Lamu, na Swali la Nani Mwenye Ngazi

Hukumu kwanza. Kuvuka kutoka Mokowe hadi mji wa Lamu ni huduma njema inayobebwa na watu wa vyombo na kuangushwa na mahali pa kutia mguu. Nahodha na baharia wake tunawapa alama 8 kwa 10. Gati, yaani ngazi, matairi, mahali pa kufunga kamba na taa, tunalipatia 4. Kila hoja ya bandari kuwa mali ya taifa inapoingia Bungeni, tungependa wabunge waanzie kwenye pengo hilo la alama nne.

Basi la kutoka Mombasa au Malindi linaishia Mokowe, bara, na kuanzia hapo safari ni ya maji. Boti ya faiba yenye injini ya nje huvuka kwa dakika 10 hadi 15 kutegemea upepo na maji. Mtaboti wa mbao uliosheheni mzigo huchukua zaidi ya mara mbili ya muda huo. Boti ya abiria huondoka ikijaa. Anayetaka kuondoka peke yake hulipia chombo kizima, na hapo ndipo wageni wengi huumia. Anayekuita kwa sauti kubwa pale juu aghalabu ni mpiga debe, na chake kimeshaingizwa ndani ya bei. Patana na mtu atakayeshika usukani. Mtajie idadi ya watu na mizigo, muulize kama bei ni ya kichwa au ya chombo, na ulipe ukishashuka.

Jaketi la kujiokolea livaliwe kabla kamba haijafunguliwa. Funga vifungo vyote, kisha mwombe mwenzako alishike mabegani alivute juu: likipanda hadi masikioni, ni kubwa kwako na majini litakuvuka kichwani. La mtoto liwe na ukanda unaopita katikati ya miguu. Mtazame pia nahodha. Kuna uzi mwekundu wa kujiviringa unaounganisha mkono wake na injini, na akianguka baharini uzi unachomoka na injini inazima papo hapo. Nahodha aliyeuvaa anajua kazi yake. Uzi uliofungwa kwenye injini yenyewe umekuwa pambo. Wakati wa kusi, mkondo unapokuwa na mawimbi mafupi, kaa tezi, yaani nyuma ya chombo. Omo, yaani mbele, ndiko kunakopigwa na ndiko kunakolowa.

Sasa ngazi, ambayo ndiyo kiini cha tathmini hii.

Maji ya pwani hii hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvu, siku chache baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, hivyo baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka: maji mafu, yanayojaa saa nne na kupwa saa kumi, na tofauti ya kina ni ndogo. Anayesafiri na mzee, mjamzito au mgonjwa wa machela atazame mwezi kabla ya kukata tikiti ya basi. Kushuka saa nne asubuhi siku ya bamvu ni kushuka kwenye vidato vya chini kabisa, na kushuka saa nane mchana siku hiyohiyo ni kuingia kwenye boti iliyosimama karibu usawa na vidato vya kati.

Vidato vya chini hufunikwa na maji mara mbili kwa siku, kwa hiyo huota mwani mwembamba wa kijani usioonekana vizuri ukiwa umelowa. Hapo ndipo watu huteleza. Ukiangalia kwa karibu utaona mpaka ulionyooka kama uliochorwa kwa rula: juu yake zege ni jeupe na kavu, chini yake ni la kijani lenye kung'aa. Kanyaga kwa unyayo mzima, upande wa ukutani, mkono mmoja ukiwa huru. Tiba yake ni nyepesi: brashi ya waya, mtu mmoja, saa mbili, wakati maji yamekupwa, kila bamvu, yaani takriban mara mbili kwa mwezi. Zege la vidato likichorwa mifereji ya kina cha sentimita moja wakati bado bichi, hata mwani ukiota mguu unashika. Kazi hiyo haihitaji mhandisi kutoka Nairobi. Inahitaji mtu ambaye jina lake liko kwenye daftari kwamba ndiye wa kusugua.

Matairi ya kuzuia chombo kisigonge ukuta nayo yana somo lake. Yakining'inizwa juu mno, boti ya chini huingia chini yake maji yakiwa yamekupwa. Maji yanapopanda, ukingo wa boti hunaswa chini ya tairi au chini ya sakafu ya gati, na chombo hujaa maji upande mmoja bila mtu yeyote kukigusa. Tairi zifike chini hadi usawa wa maji ya kupwa, zifungwe kwa mnyororo, kwa kuwa kamba husuguliwa na zege ikakatika. Na baharia anayefunga kamba maji yakiwa yamejaa aache urefu wa kutosha au akae karibu nayo. Kamba fupi humwachia chombo kinaning'inia ukutani baada ya saa tatu.

Kuhusu kuoza kwa gati lenyewe: zege la baharini halifi kwa mawimbi tu. Chumvi hupenya polepole hadi kwenye nondo, nondo hupata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, hivyo zege hupasuka kutoka ndani. Pabaya zaidi ni pale panapolowa na kukauka kila siku. Dalili ya kwanza ni doa la kahawia lililonyooka, kufuata nondo iliyo ndani. Kupaka plasta juu ya doa hilo ni kuficha jipu kwa poda, kwa sababu chumvi imebaki ndani na plasta itadondoka. Ukarabati wa haki ni kuchonga hadi nyuma ya nondo, kusugua chuma hadi king'ae, kuosha kwa maji matamu, na kuziba kwa zege zito lenye maji machache, na kufunika nondo kwa milimita 50 au zaidi. Mchanga wa ufuoni usiooshwa usitumike hata chembe. Doa likishughulikiwa mapema ni kazi ya siku chache kwa fundi mzuri. Likiachwa, ni kuvunja ngazi nzima na kujenga upya.

Mzigo. Kwa kuwa mitaa ya mji wa kale, ulioandikwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, ni myembamba kuliko gari, kila kitu hupita gatini na kumalizia kwa mkokoteni, kichwani mwa mtu au mgongoni mwa punda. Chukua mifuko 100 ya saruji, kilo 50 kila mmoja, tani 5. Mfuko unashushwa kutoka lori, unaingia chomboni, unatolewa hadi ufuoni, unapandishwa kwa punda au mkokoteni, unashushwa mlangoni. Mara tano kwa mfuko, mara 500 kwa mzigo mzima, na kila mkono una bei yake. Kwa hiyo ulizia bei ya jumla hadi mlangoni, iandikwe, na ijulikane mfuko uliopasuka ni juu ya nani. Saruji ilazwe juu ya mbao, si juu ya sakafu ya chombo, na ifunikwe turubai pande zote hadi chini. Mrusho mmoja wa wimbi unatosha kugeuza safu ya nje kuwa mawe. Punda abebeshwe mfuko mmoja. Akibebeshwa miwili anafika, ila anafika na donda. Wanaoelekea kisiwa cha Pate kupitia mkondo wa Mkanda wapange mzigo kwa saa za maji kujaa, maana mkondo ule ni wa kina kidogo na chombo kizito hakisamehewi.

Sasa nani mwenye ngazi?

Sheria ya Halmashauri ya Bandari za Kenya ni ya mwaka 1978, enzi ambayo serikali ilikuwa moja, na kwa fikra zake bandari ni ya taifa. Katiba ya 2010 ikaja na Jedwali la Nne, linalogawa kazi kati ya serikali ya taifa na kaunti. Sehemu ya kwanza, aya ya 18, inaipa serikali ya taifa usafiri wa majini. Sehemu ya pili, aya ya 5, inazipa kaunti vivuko na bandari, isipokuwa udhibiti wa usafiri wa meli wa kimataifa na wa kitaifa. Soma maneno hayo mawili ukiwa umesimama kwenye kidato chenye mwani, utaona tatizo. Chombo kinachovuka ni usafiri wa majini. Kidato kinachokanyagwa ni bandari. Anayetaka kukwepa bili ana mlango wa kutokea pande zote mbili.

Upande wa pili wa kisiwa cha Manda hakuna utata wa aina hiyo. Bandari kubwa ya Lamu ilizinduliwa Mei 20, 2021, ina magati matatu ya mita 400 kila moja na kina cha mita 17.5, na mwenyewe anajulikana. Hata hivyo umiliki wa taifa peke yake haukuwalinda wavuvi waliopoteza maeneo yao. Ilibidi waende mahakamani, na Aprili 30, 2018 Mahakama Kuu ikaamua walipwe takriban shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600. Tunaunga mkono bandari kubwa kubaki mikononi mwa taifa, tena bila kigugumizi, kwa sababu lango la bahari kuu haliwezi kuachiwa mwenye pesa nyingi. Tunachokataa ni muswada unaosema “bandari zote” kisha ukapanga bajeti kwa zile zenye kreni peke yake.

Jambo hili si geni. Uingereza ilikuwa na muswada wa kutaifisha bandari mwishoni mwa miaka ya 1960, chini ya serikali ya Harold Wilson. Kipimo cha bandari ya kuchukuliwa kilikuwa tani milioni 5 za mzigo kwa mwaka, na vigati vya wavuvi vikabaki nje ya hesabu. Muswada ulikufa uchaguzi wa Juni 1970 ulipoitishwa. Kipimo cha tani kingewekwa hapa kwetu, Mokowe isingefika hata mlangoni, ingawa kisiwa kizima kinakula kupitia pale.

Kwa anayetaka kauli yake ifike: Kifungu cha 110 cha Katiba kinawataka Maspika wa mabunge yote mawili waamue kwanza kwa pamoja kama muswada unazihusu kaunti. Muswada wa bandari unazihusu, kwa aya ya 5 tuliyoitaja, kwa hiyo mdai seneta wako ahakikishe unapita Seneti. Kifungu cha 118 kinalazimisha umma ushirikishwe. Maoni ya maandishi yanayosomwa na kamati huwa mafupi: nambari ya ibara, maneno yanayopendekezwa, sababu, ukurasa mmoja au miwili. Kiswahili kinakubalika. Barua ya malalamiko ya kurasa kumi isiyotaja ibara hata moja huishia kwenye faili.

Maneno tunayopendekeza yaongezwe, popote muswada utakapotaja ada za gati, ni haya: “Ngazi ya serikali itakayotoza ada ya kutua, ya kufunga chombo au ya mzigo kwenye gati lolote, ndiyo itakayowajibika kulisafisha na kulikarabati gati hilo. Hitilafu inayohatarisha abiria itarekebishwa ndani ya siku 14 tangu kuripotiwa, na ada haitatozwa baada ya siku hizo hadi kazi imalizike. Jina la ofisi inayowajibika na nambari yake ya simu vitabandikwa kwenye gati, juu ya alama ya maji ya kujaa.”