Uzoefu wangu na programu ya ujumbe wa shule: AE2 si A

Nyota mbili kati ya tano. Ujumbe unafika kwa wakati, hilo sina ubishi. Hata mtandao ukiwa wa kubahatisha huku Likoni, Mombasa, simu hulia. Shida ni kilichoandikwa ndani.

Shule ya binti yangu iliacha karatasi ikatuhamishia kwenye programu hii mwaka jana. Shilingi 300 kila muhula, na si kwa hiari. Ujumbe wa kwanza ulisema SBA imepakiwa, CSL haijathibitishwa, mzazi apitie rubriki. Niliusoma mara tatu. Mimi nimefika kidato cha nne, kusoma najua, lakini pale nilijiona kama niliyeletewa bili ya stima ya jirani.

Mwisho wa muhula yakaja matokeo. Hisabati: AE2. Macho yangu yakaona A. Wallahi nilifurahi! Enzi za KCPE, ule mtihani wa zamani wa darasa la nane, tulihesabu alama juu ya 500, na hata muuza mbaazi angekwambia 380 ina maana gani. Nikamnunulia mtoto kuku na chipsi, akala kimya. Ule ukimya ungenishtua, lakini nilikuwa nimeshavimba kichwa.

Jirani yangu, mwalimu wa shule ya serikali, ndiye aliyenitoa tongotongo tukiwa barazani. "Bwana we, hiyo ni kukaribia matarajio, tena ngazi ya chini." Kumbe viwango vya mtaala mpya ni vinane: EE1 juu kabisa, kuanzia asilimia 90, na BE2 mkiani. AE2 ni asilimia 21 hadi 30, yaani pointi 3 tu kati ya 8. CSL nayo ni mafunzo ya kuhudumia jamii, na rubriki ni jedwali la vigezo vya kupimia. Kisha akaniambia lililoninyima usingizi: SBA ni zile tathmini za shuleni, na za Gredi ya 7 na ya 8 zinabeba asilimia 20 ya hesabu ya kumpeleka mtoto sekondari ya juu. Binti yangu yuko ya 8. Muhula mzima nimekuwa nikibonyeza "nimesoma".

Niliwaandikia wahudumu wa programu, wakanitumia mwongozo wa kurasa 14, wote Kiingereza, na herufi nyingine mpya ndani: PCI. Hiyo sikuuliza.

Nyota ya pili naitoa kwa kitufe cha kumpigia mwalimu wa darasa. Kimefichwa chini ya picha ya basi la shule, nilikigusa kwa bahati tu. Mwalimu alicheka niliposimulia habari ya kuku. "Baba, mimi naandika nilivyoagizwa," akasema. Tangu siku hiyo hunirekodia sauti kwa Kiswahili, dakika moja haifiki: mtoto anakwama kwenye sehemu na desimali, mpe hesabu kumi kila jioni.

Tunazifanya baada ya chakula. Jana alipata saba. Kuku bado sijanunua.