Pampu ya kubadilishia oili kwenye boti: kagua mpira kwanza

Malalamiko ninayoletewa na wenye boti za injini ya ndani, kuanzia Port Bell mpaka Masese, upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria, hayapishani sana. Mtu kanunua pampu nzuri ya umeme ya kubadilishia oili, kaifunga moja kwa moja kwenye chumba cha injini, mambo yakaenda vizuri kwa muda. Halafu siku moja katikati ya ziwa mshale wa presha ya oili unaanza kushuka. Akifungua kifuniko, oili yote iko ngamani, chini kabisa ya boti. Pampu yenyewe ni nzima kabisa. Kilichomuuza ni kipande cha mpira wa kupitishia oili ambacho muuzaji alimtilia kwenye boksi kama nyongeza ya bure.

Kama unatumia Yamaha ya tu-stroki ya kufunga nyuma, kama boti nyingi za hapa kwetu, huna haja ya kitu hiki. Oili yako unaichanganya na petroli, ya kumwaga ni ile ya gia peke yake. Haya ni ya wenye dizeli ya ndani, inayokaa chini kiasi kwamba beseni haliingii chini ya sampo, lile bakuli la oili la injini. Na kabla hujatoa hela, ikague injini yenyewe: baadhi huja na pampu ndogo ya mkono toka kiwandani, na kama ni injini moja ndogo, hiyo inatosha.

Watu huniuliza pampu gani inavuta lita nyingi kwa dakika. Mimi sijali. Oili hubadilishwa kila baada ya saa 100 hadi 250 za injini, kutegemea mtengenezaji, na kazi yenyewe ni ya dakika chache. Ule mpira uliofungwa kwenye tundu la kumwagia oili, huo uko kazini kila saa injini inapozunguka: unatikiswa, umejaa oili inayofika nyuzi joto 90 na zaidi, na hakuna anayeutazama.

Kwa hiyo dukani anza na mpira. Ule wa plastiki unaopenya mwanga, wanaousifia kwamba "unaiona oili ikipita", ukatae. Plastiki ya namna hiyo huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 na kitu. Unataka mpira uliotengenezwa kwa oili ya moto, tabaka la ndani la naitraili (mpira usioharibiwa na oili), na uwe na waya ndani yake, maana pampu inavuta, haisukumi. Mpira laini ukivutwa na oili nzito hujibana bapa, halafu unasingiziwa pampu mbovu. Soma maandishi yaliyochapwa ubavuni: kama hakuna aina wala kiwango cha joto, urudishe.

Koki iwe ya chuma, ikae karibu kabisa na sampo, na mkono wake uweze kutolewa au kufungwa ili mtu asiufungue kwa goti. Nipeli (kipande cha bomba cha kuungia) ndefu ya shaba sitaki kuiona hapo, mtikisiko huikata.

Halafu kuna thredi, yale meno ya kufungia fitingi, na hapa ndipo mafundi wetu wanapotuangusha. Vifaa vya Marekani huja na thredi ya NPT, kipimo cha kwao. Huku kwetu mabomba na fitingi ni BSP, kipimo cha Kiingereza. Za nusu inchi zina idadi moja ya meno kwa inchi, 14, kwa hiyo zinaingiana na fundi anafurahi. Lakini pembe za meno ni tofauti, 60 kwa 55, na hazizibi sawasawa hata ukizungushia tepu nyeupe roli zima. Kwanza inatoa jasho tu. Oili inadondokea ngamani, swichi ya boya inawasha pampu ya maji machafu, na vyote vinatupwa ziwani. Hutaona kitu ndani ya boti, utaona rangi za upinde juu ya maji. Na Kampala inakunywa maji hayo hayo yanayovutwa pale Ggaba.

Sasa pampu zenyewe.

Namba moja ni Marco ya Italia, ile UP3/OIL, na sifichi kwamba naipendelea. Ni pampu ya gia iliyoundwa kwa ajili ya oili, na kuna toleo linalozunguka pande zote mbili, hivyo unatoa chakavu na kuingiza mpya kwa swichi moja. Taja toleo hilo unapoagiza. Ninachokipenda zaidi ni kwamba ukiinunua pampu peke yake, mpira na koki unajichagulia mwenyewe.

Namba mbili, Reverso ya Florida. Kama una injini mbili na jenereta, labda ingekuwa ya kwanza, kwa sababu unapata kisanduku cha koki, kila injini na koki yake. Ila usivute giaboksi ya ATF (oili ya giaboksi) kwa njia ile ile ya 15W-40 (oili ya injini) bila kukausha mpira kwanza. Na thredi, nimeshasema.

Namba tatu, Jabsco za impela (gurudumu la mapanga) ya mpira. Zinafanya kazi, lakini ukiisahau ikazunguka kavu, impela imekwisha. Impela ya kubadilishia iwe ya naitraili. Ile ya kupozea injini kwa maji huvimba ndani ya oili, hata kama muuzaji anaapa ni ileile.

Pampu zisizo na jina: za kuhamishia dizeli kwenye pipa, sawa.

Bei sitaandika, kwa sababu hakuna anayeitaja. Unapiga simu, unaambiwa "nnyabo, njoo ofisini tuongee". Ukifika, ni kwa dola. Ukikubali, ndipo VAT ya asilimia 18 inapojitokeza, na lawama zote ni za bandari ya Mombasa na mpaka wa Malaba. Swichi ya kugeuza mzunguko? Inauzwa kivyake. Ukiambiwa adapta za thredi zimo ndani ya boksi, boksi lifunguliwe hapo hapo kaunta kabla hujalipa.